Washeni taa kwenye kiti: maneno kwa waendeshaji na wanunuzi wa mashine ndogo za kupakia, Lubumbashi

Jambo yenu, wababa na wamama. Jambo yenu, wayaya na wadogo zangu wa shantye, yaani wa mahali pa ujenzi. Nawashukuru mlioacha kazi mapema mkaja hapa Kampemba, hasa ninyi wenye kampuni ndogo za ujenzi. Ninyi ndio mnaotoa pesa, na leo nataka kusema na mfuko wenu kabla sijasema na mikono ya vijana.

Mnajua mashine inavyonunuliwa kwetu. Imepita mpakani Kasumbalesa juu ya lori, imeshushwa, imepigwa rangi mpya. Mnunuzi ana maswali yake matatu: injini ina nguvu ya farasi wangapi, inainua kilo ngapi, imefanya kazi saa ngapi. Anapiga teke tairi, anasikiliza injini, anatoa dola. Miaka yote niliyoendesha na kufundisha, sijakutana hata na watu 10 waliopanda kitini, wakafunga mkanda, wakatulia, kisha wakauliza: nikiwa nimekaa hapa, ni nini sikioni?

Nazungumzia ile mashine ndogo ya kupakia udongo ambayo mji mzima tunaiita Bobcat, hata kama ubavuni imeandikwa jina la kiwanda kingine. Ile yenye gode mbele, yaani ndoo yake ya kuchotea, mikono miwili pembeni, na mtu amefungiwa katikati kama yuko ndani ya kabati. Tunaipenda kwa sababu inaingia pale ambapo kubwa haipiti. Inaingia kwenye parseli, yaani viwanja vya nyumba, za Katuba na Kenya, komini hizi za mji wetu, kati ya ukuta na ukuta, chini ya kamba za nguo. Basi hebu fikirini: mashine inayopendwa kwa kuingia kwenye nafasi finyu ndiyo hiyo hiyo inayokaa karibu zaidi na watu. Kubwa ya mgodini inafanya kazi mahali palipozungushiwa uzio. Ndogo inafanya kazi kwenye ua wa mama fulani, na watoto wamejaa kuitazama.

Niruhusuni niwaambie kilichonipata. Nilikuwa na miaka 26. Tulikuwa upande wa Annexe tukisawazisha parseli yenye kichuguu. Wenyeji hawana haja ya kuelezwa, lakini naona nyuso za vijana waliotoka mbali: vichuguu vya hapa kwetu ni vilima, vingine vinapita urefu wa nyumba, na udongo wake ndio unaotoa matofali mazuri. Mashine kubwa ilikuwa imekivunja jana yake. Kazi yangu ilikuwa kubeba udongo na kuupeleka kwa wafyatuaji wa matofali upande wa pili wa parseli. Niliingiza gode kwenye rundo, nikajaza, nikatazama kioo, nikageuza kichwa bega la kushoto, nikarudi nyuma huku nikizungusha mashine. Kijana aliyekuwa msaidizi wetu alikuwa ameinama nyuma yangu, pembe ya kushoto, akiokota beleshi lake.

Nilitazama, na ninaweza kuapa kwamba nilitazama. Sikumwona kwa sababu pale alipokuwa ameinama, mtu aliyekaa kwenye kile kiti hawezi kumwona mtu yeyote. Alipoteza mguu, kuanzia chini ya goti. Yuko hai, ana mke na watoto, na nikienda kwake ananiwekea kiti. Kampuni iliyonikodi iliandika kwenye karatasi maneno matatu: uzembe wa mwendeshaji. Sehemu yangu niliikubali na ninaikubali mpaka leo, maana niliona watu wanapitapita na sikusimamisha kazi. Lakini hakuna aliyekwenda kukaa kwenye kile kiti ili ajue kile kiti kinaonyesha nini. Kesho yake mashine ilipewa mwendeshaji mwingine, na ile pembe ya kushoto ilikuwa na giza lile lile.

Hilo giza linapimika. Jambo hili nililijua nikiwa nimechelewa sana, ndiyo sababu nataka ninyi mlijue leo.

Shirika la kimataifa la viwango lina kiwango kinachoitwa ISO 5006, kinachohusu yale anayoyaona mwendeshaji wa mashine za udongo. Namna yake ya kupima ni nyepesi kiasi kwamba nilipoielewa nilikasirika, kwa sababu tungeweza kuifanya miaka yote hiyo kwa chokaa na tochi. Mashine inasimamishwa mahali tambarare. Taa mbili zinawekwa pale ambapo macho ya mwendeshaji yangekuwa, zikiachana kama macho ya mtu yanavyoachana, milimita 65 hivi. Kisha wanatafuta vivuli. Taa ikiwa mahali pa jicho, kila panapoangukia kivuli cha nguzo, cha mkono wa gode, cha boneti, ndipo jicho halifiki. Vivuli vinapimwa kwenye duara la mita 12 kuizunguka mashine, tena kwenye mstari unaoizunguka kwa karibu, mita 1 tu kutoka kwenye mwili wake. Mita 12 ni kwa ajili ya yule anayekuja. Mita 1 ni kwa ajili ya yule aliyekwisha kufika, na yule kijana wetu alikuwa ndani ya mita 1.

Tuliifanya kazi hiyo hapa uani, usiku, pamoja na wanafunzi, kwa mashine tulizoweza kuazima. Tulichora vivuli kwa chokaa. Asubuhi tulipofika kulikuwa na michoro mikubwa myeupe kwenye udongo mwekundu, na kila mashine ilikuwa na mchoro wake, kama alama ya kidole. Vijana walisimama kimya. Mmoja alikwenda akasimama ndani ya kivuli, akachuchumaa, akamwomba mwenzake apande kitini amtafute. Hakuonekana. Akanyoosha mkono juu, na hata mkono haukuonekana.

Sasa nije kwenye kulinganisha, maana mashine hizi hazifanani, na tofauti zake zina sababu.

Tuanze na asili yake, kwa sababu asili inaeleza mengi. Mashine hii ilizaliwa Marekani, jimbo la Minnesota, kijiji cha Rothsay. Ndugu wawili mafundi wa chuma, Cyril na Louis Keller, waliombwa na mfugaji wa bata mzinga wamtengenezee kitu cha kusafishia mabanda: chepesi, kifupi, chenye kugeuka pale pale kati ya nguzo. Walimkabidhi mwaka 1957, kikiwa na magurudumu matatu. Mwaka uliofuata kiwanda cha Melroe cha Gwinner, North Dakota, kiliichukua kazi yao, na mwaka 1960 ikatoka mashine ya magurudumu manne, ambayo ni babu wa hizi tulizo nazo. Naona kwamba banda bado limo ndani yake. Ndani ya banda, nyuma yako kuna ukuta, na pembeni yako kuna nguzo. Kumweka mtu chini, katikati ya mikono, na injini mgongoni mwake, kulitosha kabisa kwa kazi hiyo. Sisi tumeitoa bandani tukaileta kwenye barabara inayopitwa na watu wa makala, yaani mkaa, na baiskeli zao.

Injini iko mgongoni na kiti kiko chini: hapo ndipo giza la nyuma linapotoka. Juu ya injini mara nyingi kuna rejeta na vipoza vyake, kwa hiyo boneti inapanda karibu na mabega yako. Ukigeuka unaona mbali, unaona paa la jirani, unaona kamio, yaani lori, linalokuja. Ardhi iliyo karibu na wewe huioni. Na kumbukeni jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Kila gode linalomwagwa kwenye kamio limeirudisha mashine nyuma mara mbili: mara moja kutoka kwenye rundo, mara moja kutoka kwenye kamio. Ukipakia gode 40 kwa asubuhi moja, umerudi nyuma mara 80. Tena haigeuki kama gari. Inazungusha magurudumu ya upande mmoja mbele na ya upande wa pili nyuma, na pembe zake za nyuma zinafagia duara pande zote mbili. Kwa hiyo mkilinganisha mashine mbili, anzeni nyuma. Wauzaji wataanza mbele, watawaonyesha ncha ya gode, na ni kweli ncha ya gode ina maana, nitaifikia. Ninyi semeni: asante, tuanze nyuma. Tazameni boneti inaishia wapi, imeinamishwa au imesimama wima, vipoza vimelala au vimepanda. Kati ya mashine mbili zenye nguvu sawa, tofauti ya sentimita chache za boneti inakata kivuli kwa hatua nzima ya mtu.

Pembeni kuna habari ya mikono. Kuna mashine ambazo mikono yake inapanda kwa upinde: unainua, gode linakwenda mbele kisha linarudi karibu na wewe. Kuna nyingine zinazopanda karibu wima, ambazo gode likifika juu bado liko mbali mbele, ndiyo sababu wapakiaji wa kamio wanazipenda. Za upinde zina vyuma vichache nyuma. Za wima zinahitaji viungo zaidi ili zifanye ule mwendo, na viungo hivyo, pamoja na nguzo zinazovishika, mara nyingi vimekaa kwenye pembe za nyuma, yaani pale pale ninapowaambia mtu anapotea. Lakini usiku ule niliona pia kwamba mkono mwembamba wa mashine ya wima iliyofikiriwa vizuri unaweza kuficha kidogo kuliko mkono mnene wa mashine ya upinde. Basi jina la mwendo wa mikono lisiwatoshe. Kitu kinachonitisha zaidi ni mkono ukiwa katikati ya safari. Ukiwa chini kabisa, unapita chini ya jicho. Ukiwa juu kabisa, unapita juu yake. Ukiwa katikati, unakata dirisha la pembeni kama mtu aliyeegemeza ubao. Na ni hapo katikati ambapo waendeshaji wetu wengi wanatembea na mzigo, eti kuokoa sekunde mbili wakifika kwenye kamio. Tembeeni gode likiwa chini, karibu na ardhi. Mashine haipinduki upesi, na dirisha linabaki wazi.

Kiwanda cha JCB cha Uingereza kilichukua njia nyingine: mkono mmoja tu, mnene, upande wa kulia, na mlango upande wa kushoto. Mwendeshaji anaingia kwa ubavu badala ya kupanda juu ya gode na kupita chini ya mikono. Kushoto pako wazi, unaona mpaka tairi. Kulia, ule mkono mmoja ni mnene kuliko kila mmoja wa ile miwili, na kivuli chake kina mahali pake. Mimi naupenda mpango huo kwa sababu ya mlango, na kwa sababu giza lililo upande mmoja linafundishika kirahisi kuliko giza lililo pande mbili. Wengine hawatakubaliana nami, na baadhi yao ni waendeshaji wazuri kuniliko. Lakini mkiwa na mashine ya mkono mmoja, kila mtu wa shantye ajue upande wa mkono ni upi, kuanzia fundi mpaka mama anayeleta chakula.

Kuna ile ndogo inayokunjika kiunoni, yenye usukani na kiti cha juu. Ukipanda unaona kama umetoka chini ya meza: vioo pande zote, hakuna mkono unaopita sikioni, gode lote liko mbele yako. Kwa macho, hiyo inazishinda zile za kujizungusha, na nasema hivyo bila wasiwasi. Shida yake ni bei, na nafasi ya kugeukia. Kwenye parseli ya Kamalondo, kati ya nyumba mbili za zamani, haigeuki. Kama kazi yenu iko barabarani au kwenye uwanja wa matofali, na mnanunua ya kujizungusha kwa sababu tu jirani anayo, fikirini tena. Kuna pia zile ndogo kabisa ambazo mwendeshaji anasimama nyuma yake. Hizo zinaonyesha karibu kila kitu, kwa sababu mashine yote iko chini ya kifua chako, na mgongoni mwako hakuna chuma, geuza kichwa tu. Zinabeba kidogo, na mwili wako uko nje.

Mbele nitapita haraka, maana mbele kila mtu anapajua. Mwendeshaji aone pembe mbili za gode bila kuinuka kitini, na ncha za uma akiinua paleti. Juu pawe na kidirisha, aone mdomo wa gode ukivuka ubao wa kamio. Viwanda vingine vimesogeza kabini mbele karibu na gode kwa sababu hiyo, na vimefanya vizuri. Kama lazima asimame ili aone, atasimama, na kumbukeni kwamba mtu aliyesimama hana mkanda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nisilale siku nyingine: nyavu.

Madirisha ya pembeni ya mashine hizi yana wavu wa chuma. Vijana wanaung'oa. Nimeona shantye tatu mwaka huu zenye mashine zisizo na nyavu, na kila nilipouliza, jibu lilikuwa moja: papa, wavu unazuia kuona. Nawaelewa. Wanasema kweli. Ukitazama moja kwa moja kwenye wavu, unaona vizuri. Ukitazama kwa mshazari, kuelekea pembe ya nyuma, vyuma vyake vinakaribiana machoni mpaka wavu unakuwa kama bati. Kwa hiyo kijana anayeung'oa ana kiu ya kuona, na kiu hiyo ni nzuri. Lakini ule wavu umewekwa kwa sababu mkono wa gode unapita sentimita chache kutoka bega lako. Mwendeshaji asiye na wavu anatoa kichwa nje atazame tairi, goti linagusa kifaa cha kuongozea, mkono unashuka. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilitoa onyo la pekee kuhusu mashine hizi mwaka 1998, na moja ya mambo iliyoyasisitiza ni hilo: watu wanabanwa na kuuawa kati ya mikono na mwili wa mashine yao wenyewe. Sisi tuna kaburi la namna hiyo hapa mjini, na nilikuwa kati ya waliolibeba sanduku. Ninyi mlio na pesa, nawaomba: mkipanda mashine mnayotaka kununua, tazameni kupitia wavu kwa mshazari, pembe ya nyuma kulia, pembe ya nyuma kushoto. Kuna nyavu zilizotengenezwa kwa akili na kuna nyavu zilizowekwa tu. Mkinunua mashine yenye wavu mbaya, mtakuwa mmemwambia kijana achague kati ya kuona na kuishi. Na wewe kijana, ukiona wavu umekuzuia, simamisha mashine, omba mtu wa kukuongoza, lakini wavu ubaki mahali pake.

Mtu wa kuongoza awe mmoja. Mkiwa wawili, mmoja anaonyesha njoo na mwingine anaonyesha ngoja. Asimame mahali anapoonekana, mbali na lile duara la kuzunguka. Sheria ninayoifundisha ni moja: usipomwona, mashine imesimama. Usisubiri mpaka usikie kelele, maana ndani ya kabini husikii.

Vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi letu jekundu linakaa juu ya kila kioo. Mwendeshaji anafuta na kitambaa kikavu, vumbi ni mchanga, linakwaruza. Milango ya baadhi ya mashine hizi ni plastiki ngumu, haivunjiki kirahisi lakini inakwaruzika upesi, na baada ya kiangazi kimoja cha kufutwa kikavu, jua la jioni likipiga mbele huoni kitu ila mwanga mweupe. Maji kwanza, kisha kitambaa. Chupa ya maji ikae kwenye kabini, na siyo ya kunywa tu. Na zile bendera za timu, za Mazembe na za Lupopo, zilizotundikwa dirisha la nyuma, wadogo zangu, ninazijua, na ninajua furaha iliyomo. Tundikeni nyumbani. Dirisha la nyuma limeshakuwa dogo tangu kiwandani. Ninaomba vivyo hivyo kwa koti, kwa mfuko wa chakula na kwa dumu la mafuta juu ya boneti.

Mashine mpya zina kamera ya nyuma, nyingine zina kamera za kuzunguka pande zote. Ni kitu kizuri sana, na kama mfuko unafika, lipeni. Kamera ingekuwapo siku ile, yule kijana angekuwa na miguu miwili, sina shaka. Ila lenzi iko chini nyuma, pale vumbi na matope yanapopiga zaidi, kwa hiyo inafutwa kila asubuhi na kila baada ya chakula. Mliosoma bei mkaona haiwezekani: vioo viwili vilivyobinuka, kulia na kushoto, vimefungwa vizuri visitetemeke, vina bei ndogo. Vinaonyesha eneo pana, lakini mtu aliye karibu anaonekana kama yuko mbali. Mwambieni mwendeshaji hivyo siku ya kwanza. Na ile kengele ya kurudi nyuma, itengenezeni ikiharibika, lakini msiiamini kupita kiasi: mahali penye mashine nne, zote zinalia, na watu wamezoea.

Kuna jambo la urefu wa mtu pia. Mashine ile ile, aliyekaa mrefu na aliyekaa mfupi wanaona vitu viwili tofauti. Binti mmoja tuliyemfundisha hapa, mwendeshaji hodari, alikuwa akigonga ukuta kila mara upande wa kulia, na mkubwa wake alianza kusema maneno mabaya kuhusu wanawake na mashine. Tulikwenda na tochi. Kiti kilikuwa kimevunjika, kimekwama chini kabisa. Kwa macho yake, mkono wa gode ulikuwa unafunika ukuta wote. Kiti kilitengenezwa kwa nusu siku. Hajagonga tena.

Basi, mkienda kununua au kukodi, nendeni jua linapozama. Bebeni kamba ya mita 12, chokaa, tochi mbili ndogo, na fimbo iliyofungwa kitambaa cheupe. Yule atakayeendesha ndiye akae kitini, na mkanda umefungwa. Mtu mwingine asikae kwa niaba yake. Gode likiwa chini, mashine imezimwa, aweke tochi kwenye pembe za macho yake. Mmoja azunguke na fimbo, kwanza kitambaa kikiwa kwenye urefu wa kifua, kisha kwenye urefu wa mtu aliyeinama, kisha wa mtoto. Pale kitambaa kinapozimika, wekeni chokaa. Fanyeni tena gode likiwa katikati, na hapo sikilizeni vizuri: mikono ikiwa katikati hakuna chuma cha kuizuia, kwa hiyo mwendeshaji asitoke kitini, na mtu wa chokaa asiingie ndani ya ule mstari wa mita 1, anyooshe fimbo tu. Gode likiwa juu kabisa, chuma cha kuzuia mikono kiwekwe kwanza. Muuzaji akikataa kuwapa nusu saa hiyo, hata kama bei ni nzuri, rudini nyumbani na dola zenu.

Mkiisha kununua, msiifute chokaa. Pigeni picha. Chapeni picha hiyo, ibandikeni ndani ya kabini, na nyingine pale watu wanapovalia buti asubuhi, ili fundi na msaidizi na yule mama wa chakula waone kwa macho yao mahali ambapo hawaonekani. Mimi nimeona watu wazima, waliofanya kazi karibu na mashine miaka 15, wakitazama mchoro ule na kushika kichwa.

Nje pale uani kuna mashine mbili. Moja ni ya upinde, ya zamani, nyavu zake zipo. Ya pili inapanda wima, imekodiwa kwa ajili ya leo na mmoja wenu ambaye hataki nimtaje, Mungu ambariki. Chokaa iko kwenye gunia karibu na mlango, na tochi ziko mezani mbele yangu. Nahitaji mtu mrefu, mtu mfupi, na mtu mmoja ambaye hajawahi kupanda mashine maishani mwake. Wengine shikeni kamba. Jua linakwenda, twende.